Jiko Lile Lile

Niseme mapema ndiyo usinishike baadaye: nililipwa. Kwa wiki saba nilikuwa napanda mathree ya 46 kila asubuhi, nashuka karibu na Valley Arcade, natembea hadi kwenye boma moja la Lavington ambako jamaa fulani alikuwa anajenga trela ya kupiga kambi. Kazi yangu ilikuwa kupiga picha na kuandika maneno ya kuweka chini ya picha kwenye Instagram. Niliacha chuo mwaka wa tatu karo iliponishinda, na tangu hapo naandika chochote anachotaka mwenye pesa: maelezo ya sufuria, wasifu wa mchungaji, hotuba ya bwana harusi asiyejua kuongea. Trela ilikuwa kazi nzuri kuliko nyingi. Chai ilikuwepo, Wi-Fi ilikuwepo, na hakuna aliyeniuliza digrii.

Haya ninayoandika sasa hakuna aliyeniagiza.

Trela yenyewe ina umbo la tone la chozi. Mbele imeviringa, nyuma inateremka. Ndani kuna godoro tu, huwezi hata kusimama. Jikoni iko nyuma, upande wa nje: unainua kifuniko kama buti la gari, na chini yake unakuta meza, droo, sinki ndogo, mtungi wa maji wa lita 20 na jiko la gesi la bana mbili. Unapika ukiwa umesimama kwenye nyasi, kile kifuniko kikikukinga mvua. Wamarekani walianza kujenga trela hizi miaka ya 1930, uchumi wao ukiwa umeanguka na chumba cha hoteli kikiwa ndoto. Mwaka wa 1947, vita vikiwa vimeisha juzi tu, jarida la Mechanix Illustrated lilichapisha michoro ili mtu yeyote mwenye msumeno ajitengenezee nyuma ya nyumba. Hata ukubwa wake una sababu ya mfukoni: futi 8 kwa 4 ni ubao mmoja wa plaiwudi. Ubavu mmoja, ubao mmoja, hutupi kitu. Kwa hivyo kabla hatujaendelea, kumbuka kwamba hiki ni kitu kilichobuniwa na watu waliokuwa wamesota.

Yetu haikuwa ya kusota. Lakini ekseli ilitoka Grogan, kwenye mabaki ya gari lililokufa, na fundi alitoka Kawangware, kwa miguu, dakika 20. Yeyote anayekaa pande hizo anajua jinsi Lavington na Kawangware zilivyobanana. Unavuka barabara moja na bei ya nyanya inabadilika. Mwenye trela tulimwita Bosi, sote wawili, ingawa mimi alinizidi miaka kama kumi tu. Fundi ni mzee wa miaka hamsini na kitu, na Bosi alimwita Fundi, bila kuuliza jina lingine, hadi mwisho wa kazi.

Wiki ya nne tukafika kwa gesi.

Bosi alikuwa na mchoro alioutoa kwenye video ya YouTube. Ulionyesha mtungi umefichwa ndani ya kabati chini ya jiko, mlango umefungwa vizuri, hakuna kinachoonekana. Alitaka hivyo kwa sababu mtungi wa kilo 6, hata ukiwa mpya, unaharibu picha. Fundi aliangalia ile simu, akairudisha, akauliza, "Gesi ikivuja itatokea wapi?"

Bosi akaonyesha matundu mawili juu ya kabati.

Fundi akacheka kidogo, kile kicheko cha adabu. "Hapo juu itatoka harufu ya kitunguu, bosi. Gesi ni kama maji. Inatafuta chini."

Na ni kweli. Gesi tunayopikia ni mchanganyiko wa propani na butani. Propani ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, butani karibu mara mbili. Ikivuja ndani ya sanduku, inatulia kwenye sakafu kama maji ndani ya karai, na hewa yenye gesi asilimia 2 hivi inatosha kuwaka ikipata cheche. Sasa fikiria lile kabati. Nyuma yake kuna ukuta wa plaiwudi wa milimita 9, na nyuma ya huo ukuta kuna kichwa cha mtu aliyelala.

Fundi hakubishana. Alitoboa sakafu ya kabati matundu mawili makubwa kama mdomo wa glasi, akayawekea wavu panya wasiingie. Ule ukuta wa katikati akauziba kwa silikoni kila pembe, gesi isipate njia ya kwenda kwenye godoro. Mtungi akausimamisha wima na kuufunga mkanda, kwa sababu ukilala, kinachoingia kwenye hosi ni gesi ya majimaji, na ile inapogeuka kuwa mvuke inapanuka zaidi ya mara 200. Hosi akaikata fupi, akaipitisha mbali na bana, akaikaza klipu pande zote mbili. Nyuma ya jiko akaweka bati, lakini akaliacha nafasi ya kidole kutoka kwenye mbao ili hewa ipite, maana bati likigusa mbao moja kwa moja linazipikia moto. Mwisho akachanganya sabuni na maji, akapaka kila kiungo kwa brashi, akafungua mtungi, akakaa chini kwenye kigoda na kutazama kama mtu anayetazama mpira. Kiungo kimoja kikatoa mapovu. Akakikaza. Akapaka tena.

"Na kifuniko kifunguliwe chote kabla ya kiberiti," akamwambia Bosi. "Na mkiendesha gari, mtungi ufungwe pale juu kabisa. Msitegemee swichi ya jiko."

Nilimuuliza amejifunzia wapi. Nilidhani ataniambia chuo cha ufundi au kampuni ya gesi. Akasema, "Kwa kibanda cha chipo."

Hadithi yenyewe ni fupi. Miaka mingi iliyopita alimtengenezea kijana mmoja mkokoteni wa chipo, wenye kabati safi la mtungi, limefungwa pande zote, zuri. Asubuhi moja kijana alifungua, akawasha kiberiti bila kunusa. Alipoteza nyusi na nywele za mbele, na Mungu alikuwa macho siku hiyo. Tangu hapo kila mkokoteni unaotoka kwa Fundi umetobolewa chini. Anasema ametengeneza kama 30: ya smokie, ya chipo, ya chapo, mmoja wa supu.

Mmoja wa hiyo ya chapo ulikuwa umesimama mita 150 kutoka kwenye geti letu.

Kama umewahi kufanya kazi Lavington bila gari unamjua huyu mama, au unamjua mwenzake. Anasimama mahali ambapo nyumba ya zamani yenye bustani imebomolewa na ghorofa inapanda. Analisha watu wa mjengo, masoja wa mageti, madada wa nyumba waliotumwa dukani, wapanda boda, na waandishi walioacha chuo. Chapo 20, madondo 50. Kwenye mall, pesa hizo hazikununulii hata chai. Alianza na makaa. Wakazi wakalalamika moshi unaingia kwenye nyumba, na walikuwa na haki, moshi ule ni mbaya, wa kwanza kuumia alikuwa yeye mwenyewe. Akaweka akiba anunue mtungi wa kilo 13 na jiko la bana mbili. Mwaka wa 2021 ilikuwa karibu, ikifika Julai serikali ikarudisha VAT ya asilimia 16 kwenye gesi, akarudi makaa akinung'unika. Kodi ilishushwa hadi 8 mwaka wa 2022 na kuondolewa 2023, na hapo ndipo alipomwendea Fundi. Mkokoteni wake ulikuwa na matundu chini, bati lenye nafasi nyuma, mtungi wima kwenye mkanda, hosi fupi. Nimeandika sentensi hii nikijua tayari umeisoma juu kidogo, kwa ajili ya trela.

Jumanne ya wiki ya sita lilikuja lori.

Sitasema ni lori la nani. Vijana waliruka wakabeba mkokoteni mzimamzima, na mtungi, na hotipoti mbili, na karai lenye unga uliokwisha kukandwa. Mama alibaki barabarani na kifimbo cha kusukumia chapo mkononi. Watu wa mjengo walipiga kelele kutoka ghorofa ya tatu. Lori likaenda. Ilichukua muda mfupi kuliko kupiga chapo moja.

Niliporudi kwenye boma nikamkuta Bosi anasoma simu yake. Akanionyesha, bila ubaya wowote, ujumbe kwenye kikundi cha WhatsApp cha wakazi. Mtu alikuwa ameandika kwamba hatimaye "ile hatari ya gesi" imeondolewa kando ya barabara. Vidole gumba vikafuata. Juu yake kidogo, asubuhi hiyo hiyo, ilikuwepo picha yangu: kifuniko cha trela kimeinuliwa, jiko linawaka buluu, mtungi wa gesi umejificha kwenye kabati. Mioyo 14. Mmoja alikuwa ameuliza kama Bosi anachukua oda.

Manze, nilitafuta la kusema. Nikanywa chai.

Sasa niongee kama mtu asiyekunywa chai ya mtu.

Kuna watakaosema usalama si mzaha, na hapo tunakubaliana kabisa. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024 gesi ililipuka Mradi, Embakasi. Watu walikufa, zaidi ya 200 wakaumia, nyumba na maghala yakaungua. Hiyo haikuwa meko ya mama. Ilikuwa yadi ya kujaza gesi katikati ya makazi, na EPRA ilisema yenyewe kwamba maombi ya kibali cha mahali hapo yalikuwa yamekataliwa mwaka uliotangulia, zaidi ya mara moja. Lori la gesi si kitu cha kuficha chini ya leso. Ukiwa na hofu ya gesi, nenda kwanza kwenye kuta ndefu. Lakini ukaguzi wetu unapenda vitu vinavyoweza kubebwa na vijana wanne.

Na trela yetu ilikaguliwa na nani? Hakuna. Ingepita na mchoro wa YouTube vilevile, na matundu yake juu, ikaenda Naivasha na watoto wamelala ndani. Kilichoizuia ni mzee aliyewahi kuona nyusi za kijana zikiungua Kawangware. Elimu ya usalama iliyomo kwenye ile trela ilitoka kibandani. Wanaosema kibanda ni hatari wamelala usingizi mtamu juu ya ujuzi wa kibanda.

Wengine watasema: lakini trela iko ndani ya boma la mtu, mama yuko kwenye ardhi ya umma. Sawa. Ila trela haikujengwa ikae bomani. Imejengwa ili ifunguliwe kando ya ziwa, kando ya barabara, popote mwenyewe atakapochoka, na hapo itaitwa safari. Na pita tu Lavington au Kilimani saa saba mchana uhesabu magari madogo yaliyofungua buti, ndani mna hotipoti za pilau na kuku. Ni chakula kile kile, barabara ile ile. Hao tunawaandika kwenye magazeti kama vijana wabunifu. Polisi akija wanafunga buti na kuondoka. Tofauti ya mbunifu na mchuuzi, kwa macho yangu, ni kwamba mmoja ana ufunguo wa kuwasha injini.

Kuna na la usafi. Huyu mama ana cheti cha afya cha wanaoshika chakula, kile cha kupimwa kila miezi 6, amekiweka kwenye karatasi ya nailoni na kukining'iniza kwenye mkokoteni. Kilienda na lori. Mimi nimekula kwenye hafla za Lavington zilizopikwa na watu ambao hakuna aliyewaomba hata kuosha mikono.

Naomba niende kando kidogo. Nyumba za zamani za Lavington, zile chache zilizobaki, zilijengwa na mlango wa nyuma wa jikoni unaotazama boiz kota. Mpishi alikaa kule nyuma, na chakula kikaja mbele kama vile kimejipika. Matangazo ya nyumba mpya bado yanaandika DSQ kwa fahari, na sote tunajifanya hatujui herufi ya katikati ni ya nini. Trela nayo imeweka jiko nyuma. Nilipoona hivyo mara ya kwanza nikacheka peke yangu. Lakini angalau kwenye trela mwenye godoro na mwenye mwiko ni mtu mmoja, anatoka mlango wa ubavuni, anazunguka nyuma, anapika mwenyewe kwenye umande. Hilo nalipenda. Silichukii hili trela, kama unadhani. Nimelala ndani yake usiku mmoja wa majaribio, nikasikiliza mvua kwenye bati, na nikaelewa kwa nini mtu atumie pesa hizo. Ninachokataa ni kwamba furaha ya kupikia nje, kwa jiko dogo, kwa upepo, iwe ni burudani ukiwa nayo kwa hiari na iwe ni uchafu ukiwa nayo kwa lazima.

Na hapa nijishike na mimi. Maneno niliyoandika chini ya ile picha yalikuwa: "Imetengenezwa kwa mikono, hapa hapa Nairobi." Mikono ya nani? Picha zote 60 nilizopiga, Fundi anaonekana kwenye moja, mgongo. Bosi hakuniambia nimtoe. Nilimtoa mwenyewe, kwa sababu nilijua mteja wa namna hii anapenda nini, na nilikuwa na kodi ya nyumba ya kulipa. Fundi alilipwa 1,500 kwa siku. Mimi, kwa maneno na picha, nililipwa zaidi. Anayetoboa tundu linalookoa maisha anapata kidogo kuliko anayeandika kwamba tundu ni zuri. Sikumrudishia mtu pesa, usinipigie makofi.

Ninachotaka kinaweza kufanyika kesho kwa brashi na kikombe cha sabuni. Mkaguzi aje. Aje kwa trela na kwa mkokoteni, na kwa mgahawa wa mall pia. Aangalie kama mtungi umesimama, kama una njia ya hewa chini, kama hosi imepasuka, kama klipu zipo, kama kuna ndoo ya mchanga au kizima moto. Apake sabuni kwenye viungo. Panapotoka mapovu, mwenye jiko afunge siku hiyo, arekebishe, afungue kesho, awe na jina la Kifaransa kwenye bango au asiwe na bango. Mama apewe mita mbili za ardhi zilizochorwa, karibu na mjengo, kwa ada inayojulikana, na risiti. Mjengo ukiisha ahame na wateja wake, si mkokoteni una magurudumu? Mwenye ghorofa anayeleta wafanyakazi 200 kwenye mtaa bila kufikiria watakula nini saa saba, huyo ndiye aulizwe maswali, maana chakula chao ni sehemu ya mjengo kama vile saruji.

Mtasema ni ndoto za mtu aliyeacha chuo. Huenda. Lakini nyinyi mliomaliza mmekuwa mkibeba mikokoteni kwa lori tangu babu zangu wabebe vipande shingoni, na watu bado wanasikia njaa saa saba.

Trela ilimalizika wiki iliyofuata. Bosi aliivuta hadi Elementaita na kunitumia picha ya mayai yakikaangwa, jua likichomoza nyuma. Picha nzuri, wivu tupu. Mkokoteni haujarudi. Mama alienda kuufuatilia mara mbili, akaambiwa kiasi cha kulipa, na kiasi kilizidi bei ya kuutengeneza mpya, kwa hivyo akaacha.

Wiki mbili zilizopita nilipita Kawangware kumpelekea Fundi zile picha nilizokuwa nimezitoa. Nilimkuta na mama, wameinamia nyuma ya gari dogo la zamani ambalo shemeji yake mama anataka kumkodishia kwa siku. Buti lilikuwa wazi. Fundi alikuwa na futi na kalamu ya chaki, anachora duara mbili kwenye sakafu ya buti, kila moja kubwa kama mdomo wa glasi, na mama anamuuliza kama shemeji atakasirika gari likitobolewa.

"Mwambie ni ya kutoa maji," Fundi akasema, akaenda kutafuta drili.